Mkutano wa kwanza wa kuacha pombe ulinishinda. Nirudi?

"Nina miaka 39, nimeolewa, nina watoto wawili na ni mwalimu. Kwa miaka kama saba sasa nakunywa kila jioni watoto wakishalala, na siku hizi sinywi kidogo. Nimeshaacha mwenyewe mara nyingi: nakaa siku nne, mara wiki mbili, kisha narudi palepale. Asubuhi mikono hunitetemeka mpaka nipate kidogo cha kuzimua, ila hilo najua kulificha. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwenye mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe). Karibu wote waliokuwepo walikuwa wanaume wenye umri wa baba yangu, kulikuwa na sala, na mmoja alisimulia mambo mazito hadi nikajiona mimi si mlevi kama wao. Nilitoka kabla haujaisha. Naogopa pia kukutana na mzazi wa mwanafunzi wangu. Mume wangu ananisihi nirudi na yuko tayari kunisindikiza. Mimi sioni watu wanaozungumza tu watanisaidia nini wakati nia yangu mwenyewe imenishinda. Je, mikutano hii inasaidia kweli? Na nitaupataje unaonifaa?"

Dada yangu, maswali yako mawili nitayajibu kwa urefu, lakini sitaanza nayo. Nitaanza na sentensi uliyoipitia haraka, ile ya mikono inayotetemeka asubuhi mpaka upate cha kuzimua.

Kutetemeka huko si woga. Ubongo una upande unaotuliza na upande unaochangamsha, na pombe huupa nguvu ule unaotuliza. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi huku pombe ikiwamo: hupunguza utulizaji wake wenyewe na kuongeza uchangamshaji. Pombe ikikatika ghafla, ni kama gari lililopoteza breki huku mguu bado umekanyaga mafuta. Ndipo mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hupiga mbio na usingizi hupotea. Kwa kawaida dalili hizi huanza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kwa baadhi ya watu huja mshtuko wa kifafa, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne wachache huingia katika hali mbaya zaidi: kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa, presha kupanda. Hali hiyo inaweza kuua isipotibiwa.

Wengi hawafiki huko. Lakini umeniambia umeacha na kurudi mara nyingi, na hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu kila mwili unapokatishwa pombe upya, dalili huwa na tabia ya kuja kali kuliko mara iliyotangulia. Usijipime kwa kumbukumbu ya ile mara ya kwanza ulipoacha ukaona ni mafua tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si mkutano. Ni daktari, na iwe wiki hii. Mwambie kiasi halisi unachokunywa, siyo kile unachomwambia mume wako, na mwambie saa unayokunywa kinywaji cha kwanza cha siku. Anaweza kukupa dawa ya kutuliza kwa siku chache chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo miili ya wanywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo na upungufu wake huharibu kumbukumbu. Mpaka umwone, usikate ghafla. Najua ni ajabu kusikia hivyo kutoka kwa mtu anayetaka uache, lakini kwa mwili ulioshafikia kutetemeka, kukata ghafla ukiwa peke yako ndiko hatari kubwa ya siku hizi chache. Katika vikundi utakutana na watu wema watakaokwambia waliacha siku moja kwa kuuma meno. Ni kweli kwao. Kisiwe kipimo chako.

Sasa nije kwenye swali lako.

Unasema nia yako imekushinda. Mimi naona jambo jingine katika barua yako. Nia unayo, tena nyingi. Mtu asiye na nia haachi mara zote hizo. Kinachokosekana ni kwamba umeamua peke yako, umepambana peke yako na umeficha peke yako. Asubuhi nia huwa na nguvu. Saa mbili usiku, watoto wamelala, nyumba imetulia na mwili unajua kinachofuata saa hiyo, nia ileile huwa imechoka. Ubongo umefunzwa kwa miaka saba kuunganisha ukimya huo na chupa, na somo lililofundishwa kila siku halifutiki kwa kiapo. Hufutika polepole, kwa kuzoea kufanya kitu kingine saa hiyohiyo, na ni vigumu sana kukizoea hicho kitu kingine bila mtu mwingine.

Hapo ndipo mikutano inapoingia. Mwaka 1935 mfanyabiashara wa hisa wa Marekani, Bill Wilson, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu alipojikuta safarini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, dili lake limeharibika na baa ya hoteli iko mbele yake. Badala ya kuingia, alishika simu na kuanza kupiga huku na huko akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hakuwa akitafuta wa kumwokoa yeye. Alikuwa amegundua kwamba anapozungumza kwa ukweli na mtu mwenye tatizo kama lake, hamu yake mwenyewe hushuka. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith, aliyekuwa akinywa vibaya. Siku inayohesabiwa kuwa ya Smith kunywa kwa mara ya mwisho, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo Alcoholics Anonymous wanayoihesabu kuwa siku ya kuanzishwa kwao. Kiini cha mikutano hiyo hakijabadilika tangu hapo: mtu mmoja aliyepitia jambo, na mwingine anayelipitia, wakiambiana ukweli.

Je, kuna ushahidi zaidi ya simulizi? Upo. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ulitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Programu zilizopangwa vizuri za kumwingiza mtu katika AA zilifanya vizuri sawa na tiba nyingine zinazoheshimika, na zilizizidi katika jambo moja: kuwafanya watu wakae bila kunywa kabisa kwa mwaka na zaidi. Lakini soma hilo kwa makini. Zilizopimwa ni programu ambamo mshauri alimwandaa mtu, akamweleza atakachokikuta, akamfuatilia, akazungumza naye alipotaka kukata tamaa. Wewe uliingia bila kuandaliwa na mtu yeyote na ukatoka bila wa kuzungumza naye. Ulichokijaribu hakijawa mkutano kamili, sembuse programu.

Watafiti waliochunguza kwa nini inasaidia wamekuta sababu mbili zikijirudia. Ya kwanza ni kwamba watu wanaomzunguka mhudhuriaji hubadilika: wanywaji hupungua katika wiki yake, wasiokunywa huongezeka. Ya pili ni kwamba hujiamini zaidi anapokuwa mahali ambapo wengine wanakunywa. Upande wa kiroho husaidia baadhi ya watu, hasa waliozama zaidi, lakini si njia pekee. Nakuomba ulishike hili kwa sababu linabadilisha namna ya kuuchagua mkutano. Usijiulize kama unakubaliana na kila neno linalosomwa pale. Jiulize: katika chumba hiki, yupo hata mtu mmoja ninayeweza kumpigia simu saa mbili usiku?

Kuhusu "mimi si mlevi kama wao." Karibu kila mtu huisema mara ya kwanza, na huwa ni kweli kwa namna fulani. Yule mzee alikuwa akisimulia mwisho wa njia yake. Hukumsikia alivyokuwa na miaka 39. Sharti la kuwa mwanachama wa AA ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa. Huhitaji kuwa umepoteza kazi, ndoa wala ini. Wala huhitaji kujiita mlevi. Sisi madaktari na washauri hatulitumii neno hilo kama utambuzi wa ugonjwa. Tunapima uzito wa tatizo, na lina ngazi. Unaruhusiwa kusema jina lako la kwanza na "leo nimekuja kusikiliza", ukakaa. Hakuna anayelazimishwa kuzungumza. Zamu ikikufikia unasema unapita, na inapita.

Kuhusu sala, sitakuficha: AA ina mizizi ya kidini na Hatua zake 12, yaani ngazi za kujirekebisha anazozipitia mwanachama, zinamtaja Mungu, ingawa kwa maneno "kama tulivyomwelewa". Kuna vikundi ambavyo ibada imetawala na vingine ambavyo hutaisikia ila mwishoni. Vipo hata vya AA vya wasioamini. Kama baada ya kujaribu kadhaa bado roho yako inakataa, kuna njia nyingine kabisa. SMART Recovery, iliyoanza chini ya jina hilo mwaka 1994, haina sala wala hatua. Inafundisha mbinu za kukabili hamu na fikra zinazoisukuma, na mikutano yake huongozwa na mtu aliyefunzwa. Women for Sobriety, iliyoanzishwa mwaka 1975, ni ya wanawake peke yao, na mwanzilishi wake, Jean Kirkpatrick, aliona kwamba mwanamke anayekunywa huja akiwa ameshajidharau vya kutosha, hivyo anahitaji kujengwa zaidi ya kunyenyekeshwa. Nilipokuwa nasoma barua yako niliikumbuka hiyo. Na kwa anayetaka imani iwe mbele, Wakristo wana Celebrate Recovery na Waislamu wana Millati Islami. Ushahidi wa kisayansi ni mwingi zaidi kwa AA kwa sababu ndiyo kongwe na iliyoenea zaidi. Hiyo haina maana kwamba nyingine hazifai.

Hofu ya kuonekana naiheshimu, maana kwa mwalimu si jambo dogo. Fahamu kuna mikutano ya aina mbili. Ile ya wazi huruhusu yeyote, wakiwemo ndugu na wanafunzi wa udaktari. Ile ya faragha ni ya wenye tatizo lenyewe tu. Chagua ya faragha. Mzazi wa mwanafunzi atakayekuona mle atakuwa naye amekuja kwa sababu ileile, na ana sababu ileile ya kunyamaza. Hata hivyo, usiri wa vikundi ni ahadi ya heshima. Haulindwi na sheria kama ule wa daktari wako. Taja jina la kwanza tu, usitaje shule, na mambo mazito zaidi ya maisha yako yaweke kwa mshauri wa kitaalamu.

Kuupata mkutano ni rahisi kuliko unavyodhani. Tovuti rasmi za AA na za SMART Recovery zina orodha kwa nchi na mji, pamoja na mikutano ya mtandaoni inayofanyika saa zote za mchana na usiku. Kwako ningeanzia mtandaoni, kwenye mkutano wa wanawake, kamera imezimwa, tena wa mji ambao hujawahi kuishi. Jifunze sura ya mambo kabla ya kuingia chumbani. Kitengo cha afya ya akili au cha uraibu cha hospitali kubwa nacho hujua vikundi ambavyo havimo kwenye orodha yoyote. Ukipata namba, piga kwanza, uulize: ni wa wazi au wa faragha? Kuna wanawake? Kuna mtu anayeweza kunipokea mlangoni? Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na vikundi vizuri hulipokea kwa furaha.

Ukienda, fika dakika kumi kabla na usiondoke mara tu unapokwisha. Mkutano wenyewe huchukua saa moja au saa na nusu: maneno ya kufungua, pengine mmoja anasimulia, kisha wanazungumza kwa zamu bila kukatizana wala kushauriana. Kapu la mchango hupitishwa. Mgeni hadaiwi kitu, na hakuna ada. Lakini kazi kubwa hufanyika pembeni, watu wanapokunja viti. Hapo ndipo mtu hukuuliza jina na kukupa namba. Chukua namba hizo, hasa za wanawake, na uzipige siku ambayo huna shida, ili siku ya shida isiwe ya kwanza.

Jaribu mikutano tofauti, mitano au sita, kabla ya kuhukumu. Vikundi viwili vya jina moja katika mtaa mmoja vinaweza kutofautiana mno. Kikundi kimoja huwa cha wazee, kingine cha vijana, kingine kimejaa watu waliovunjika juzi. Wewe ulihukumu jengo zima kwa chumba kimoja, tena ulichokiona nusu. Na ukijikuta mahali pasipo na chochote, kwa desturi ya AA watu wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanatosha kujiita kikundi.

Sasa tahadhari, kwa sababu si kila anayeketi kwenye kiti cha plastiki ni mwema. Katika AA hupendekezwa uwe na mlezi, mwanachama mzoefu wa kukushika mkono katika zile Hatua. Mlezi wako awe mwanamke. Wapo wanaume wanaonyemelea wanawake wageni wakati bado ni dhaifu, jambo linalojulikana na kulaaniwa ndani ya vikundi vyenyewe. Ukiliona, ondoka na umwambie anayeongoza. Usimkopeshe mtu fedha. Na asitokee wa kukwambia utupe dawa ulizoandikiwa. Hata AA wenyewe husema mambo ya dawa ni ya daktari.

Nikitaja dawa, ujue zipo za kupunguza kurudia pombe, na nasikitika kwamba wengi hawaambiwi. Naltreksoni hupunguza raha ya pombe na hamu yake. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Disulfiramu humfanya mtu augue vibaya akinywa, na humfaa tu anayeielewa na kuitaka. Kila moja ina watu isiowafaa, kutegemea ini, figo, moyo na dawa nyingine unazotumia, kwa hiyo ni mazungumzo ya wewe na daktari. Dawa, ushauri nasaha na mikutano havishindani. Kwa hali unayoieleza mimi ningetaka uvipate vyote, kwa utaratibu huu: daktari wa kukutoa salama katika siku za mwanzo, dawa ya kukulinda ikiwa itakufaa, kisha mshauri na watu wa kukaa nao muda mrefu. Mikutano peke yake, kwa mtu anayetetemeka asubuhi, naiona ni kidogo mno kwa mwanzo. Na mpango wa kupunguza tu, ambao nahisi umeufikiria ingawa hukuuandika, hushikika kwa nadra mwili ukishafika hapo.

Huenda ukateleza. Ikitokea, rudi kwenye mkutano unaofuata ukiwa hujanywa siku hiyo, na useme. Aibu itakwambia subiri mpaka uwe na siku chache za kuonyesha, na aibu hiyo ndiyo iliyokunywesha miaka saba. Wale wazee uliowaogopa wengi wao waliteleza kabla ya kusimama, na hakuna atakayeshangaa.

Usisubiri miadi bali nenda hospitali mara moja, wakati wowote wa usiku, ukipata mshtuko wa kifafa, ukianza kuona au kusikia visivyokuwepo, ukichanganyikiwa, ukitapika bila kukoma au ukitapika damu, macho yakigeuka manjano, au mawazo ya kujidhuru yakikujia. La mwisho usilibebe kimyakimya. Pombe humsukuma mtu huko hata asipokuwa na nia hiyo akiwa hajanywa. Na kama una mimba au unadhani unayo, mwambie daktari kabla ya jambo lolote jingine.

Mume wako anaweza kukusindikiza kwenye mkutano wa wazi, lakini huo wa faragha uende mwenyewe. Yeye naye ana mahali pake: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya ndugu na wenzi wa wanywaji, ina mikutano yake, na huko atajifunza kuacha kuhesabu chupa. Kwa sasa mpe kazi mbili tu. Aje nawe kwa daktari, na jioni ya mkutano wako wa kwanza awalaze watoto yeye.